Namna ya kuipata ile shoo uliyoisikia mara moja, na kuituma hadi isikilizwe

Malalamiko yanayonifikia ni mawili, na hayaishi. La kwanza: mtu aliona video ya mwimbaji akiuimba upya wimbo wa zamani, ikamgusa, akaipita, na sasa haipati tena kwa dua wala kwa dawa. La pili: mtu ameipata, akaituma kwenye grupu la watu kibao, na hakuna hata mmoja aliyeifungua.

Kosa ni lile lile pande zote mbili. Mtu anatafuta wimbo, au anatuma wimbo, wakati kilichomgusa ni usiku mmoja. Wimbo huimbwa mara elfu. Wewe ulisikia mara moja kati ya hizo, na mara hiyo ina vitambulisho vinne: mwimbaji, wimbo, mahali na mwaka. Ukiwa navyo vyote, shoo haikupotei. Ukiwa na kimoja tu, utazunguka.

Nitashika mfano mmoja hadi mwisho: Nina Simone akiimba "Feelings" kwenye tamasha la jazi la Montreux, Uswisi, mwaka 1976. Ni kava, yaani wimbo wa mwingine ulioimbwa upya, ni laivu, yaani iliimbwa mbele ya watu, na katikati anakatiza wimbo na kuanza kuongea na watazamaji, akishangaa ni hali gani iliyozaa wimbo wa namna hiyo, kisha anawataka wapige makofi. Hutalipata hilo kwenye rekodi ya studio.

## Vitu vya kuwa navyo

- Hedifoni. Spika ya simu hula besi, na makofi ya ukumbini hugeuka kelele. Utaihukumu vibaya shoo nzuri.
- Daftari, au faili la maandishi kwenye simu. Usitegemee alama ya kupenda au orodha ya kuhifadhia. Sababu iko kwenye hatua ya mwisho.
- Programu ya Google kwenye simu, kwa ajili ya kuvumia wimbo.
- Kompyuta, kama ipo. Si lazima, ila kufungua kurasa nne na kuzilinganisha kwenye simu ni mateso.
- Bando la kutosha au waifai. Shoo kamili mara nyingi hupita saa nzima.

## Hatua ya 1: Andika unachokumbuka kabla hujatafuta

Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayowaponza. Ukishatazama video kumi zinazofanana na unayoitafuta, kumbukumbu inachanganyika. Gauni la huyu unamvisha yule, na piano inageuka gitaa.

Andika haraka, bila mpangilio: ala iliyoanza, mwimbaji alikaa au alisimama, aliimba kwa lugha gani, watazamaji walisikika au palikuwa kimya, picha ilikuwa ya rangi au nyeusi na nyeupe. Andika pia mstari mmoja wa maneno ya wimbo kama ulivyousikia, hata kama umekosea. Na kama kulikuwa na nembo kwenye kona ya picha, ichore. Nembo ni ya kituo cha televisheni, redio au tamasha, maana yake umeshapata kitambulisho cha mahali bila jasho.

Halafu, kabla ya yote, fungua historia ya ulivyotazama kwenye akaunti yako. YouTube inakuruhusu kutafuta ndani ya historia hiyo kwa neno. Nusu ya wanaoniuliza wangemalizia hapa.

Tahadhari: kama ulitazama bila kuingia kwenye akaunti, au video ilifunguka ndani ya programu nyingine, huenda historia haina kitu. Usikate tamaa, endelea.

Umefanikiwa ukiwa na mistari mitano sita inayoeleza ulichokiona, si ulivyojisikia. "Nilitokwa machozi" haitafutiki.

## Hatua ya 2: Pata jina la wimbo

Hapa watu hukimbilia Shazam, programu ya kutambua nyimbo, ikikataa wanaona wimbo haupo. Shazam inalinganisha sauti na rekodi maalumu zilizomo kwenye hazina yake, kama kulinganisha alama ya kidole. Mwimbaji yule yule akiimba wimbo ule ule jukwaani, alama inabadilika: kasi tofauti, ufunguo tofauti, makofi juu yake. Kwa hiyo inaposhindwa na shoo ya laivu, haijaharibika. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Unachohitaji ni kitu kinachotambua mwendo wa sauti yenyewe. Tangu 2020 Google ina huduma ya kuvumia: fungua programu, gusa maikrofoni, chagua kutafuta wimbo, kisha vumia au piga mluzi kwa sekunde kumi hadi kumi na tano. Huhitaji sauti nzuri. Vumia kiitikio, kwa sababu ubeti wa nyimbo nyingi huenda kama mazungumzo na hauna umbo la kushikika.

Ukiwa na maneno, yaandike kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya alama za kunukuu. Alama hizo huiambia injini itafute maneno hayo kwa mpangilio huo huo. Ongeza neno "lyrics" baada yake.

Tahadhari: utakachopewa ni toleo maarufu kuliko yote, ambalo huenda silo ulilosikia wala silo la kwanza. Chukua jina la wimbo tu, toleo liache.

## Hatua ya 3: Tafuta usiku, usitafute wimbo

Nitakaa hapa muda mrefu, maana ndipo watu wanapokwama.

Ukiandika jina la wimbo peke yake, unapata rekodi ya studio, video rasmi, video ya maneno, na karaoke. Ukiongeza jina la mwimbaji unakaribia. Ukiongeza mahali na mwaka unafika. Linganisha mwenyewe: andika "Feelings", utazame uone rundo. Kisha andika "Nina Simone Feelings Montreux 1976". Rundo linabaki video chache, nyingi zikiwa nakala za usiku ule ule.

Na kama mahali na mwaka ndivyo usivyovijua? Tumia setlist.fm. Ni hazina ambapo mashabiki huandika nyimbo zilizopigwa katika kila shoo, kwa tarehe na ukumbi, na pale msanii alipoimba wimbo wa mwingine, jina la mwenyewe huwekwa kando yake. Fungua ukurasa wa msanii, nenda kwenye takwimu zake, tafuta wimbo. Utaona aliuimba mara ngapi na wapi. Msanii aliyeimba kava hiyo mara tatu tu amekupunguzia kazi: una usiku tatu za kukagua.

Mitego ya kuepuka ni hii:

Kichujio cha "live" hakimaanishi unachodhani. Kwenye vichujio vya YouTube, neno hilo linahusu matangazo yanayorushwa mubashara dakika hii. Ukilibonyeza unafuta shoo zote zilizorekodiwa, yaani karibu kila unachokitafuta. Neno "live" liandike kwenye kisanduku, usilibonyeze kwenye kichujio.

Tarehe ya kupakia si tarehe ya shoo. YouTube ilianza 2005. Shoo ya 1976 lazima ilipakiwa miongo kadhaa baadaye. Kuchuja kwa tarehe kunafaa kwa shoo za juzi, kwa za zamani kunakupoteza.

Wimbo unaweza kuwa umelala ndani ya shoo ndefu. Chuja kwa urefu, chagua zaidi ya dakika 20. Kisha soma maelezo chini ya video na maoni yaliyobandikwa juu. Mara nyingi kuna mtu mwema ameorodhesha kila wimbo na dakika yake. Watu hao hawajapata kushukuriwa vya kutosha.

Lugha. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Video iliyopakiwa na Mbrazili itaandikwa "ao vivo", ya Mhispania "en vivo" au "en directo", ya Mwitaliano "dal vivo", ya Mfaransa "en concert" au "en direct". Kava kwa Kifaransa ni "reprise". Kwa Kiarabu, shoo ni حفلة, na ukilisoma kwa sauti utacheka, kwa kuwa ni hafla hii hii yetu. Jaribu jina la Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, kwa herufi za Kiarabu pamoja na neno hilo, uone mlango unaofunguka: rekodi ambamo wimbo mmoja unakwenda saa nzima na watu wanapiga kelele mstari urudiwe.

Umefanikiwa ukiwa na video ambayo inalingana na mistari ya Hatua ya 1, na vitambulisho vyote vinne. Kama unavyo vitatu, nenda mbele, cha nne mara nyingi hujitokeza wakati wa kuhakiki.

## Hatua ya 4: Hakikisha ni laivu, na ni yeye

Kichwa cha video huandikwa na aliyeipakia, na aliyeipakia anaweza kuandika chochote. Kabla hujaisambaza, ikague.

Anza na mwisho wake. Sauti ikififia polepole hadi kimya huku bendi bado inapiga, hiyo ni tabia ya studio. Jukwaani wimbo hufungwa, haufifii. Kisha tazama maikrofoni: mwimbaji akiisogeza mbali na mdomo, je, sauti inapungua? Akigeuza uso, je, inabadilika? Kama anaruka jukwaa zima na pumzi haisikiki hata mara moja, unatazama pleibeki, yaani rekodi inachezwa naye anafungua mdomo tu. Tazama na mpiga ngoma. Kijiti kikigusa kabla au baada ya mlio, picha na sauti havikuzaliwa pamoja, ingawa wakati mwingine ni kasoro ya kupakia tu, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake.

Kuna tatizo jipya zaidi: kava zilizotengenezwa kwa akili mnemba. Sauti ni ya nyota unayemjua, wimbo ni ule unaotamani angeuimba, na hakuuimba kamwe. Dalili ni kukosekana kwa kila kingine: hakuna tarehe, hakuna ukumbi, hakuna jina la mpiga gitaa, na badala ya video kuna picha moja iliyoganda. Nikikuta hivyo natafuta ushahidi wa pili nje ya video: chaneli ya tamasha lenyewe, orodha ya nyimbo za shoo, au albamu ya laivu iliyotoka. Nisipoupata, siitumi. Bora kukosa kuliko kueneza sauti ya mtu ambayo si yake.

## Hatua ya 5: Mjue mwenye wimbo

Kava bila jina la mwenye wimbo ni nusu ya habari. Wengi hadi leo wanadhani "I Will Always Love You" ni wa Whitney Houston. Yeye aliurekodi 1992, lakini Dolly Parton aliyeutunga alikuwa ameutoa 1974. Ukisambaza bila kusema hivyo, umemnyima mtunzi jina lake na umemnyima msikilizaji raha ya kulinganisha.

SecondHandSongs na WhoSampled ni hazina mbili zinazoonyesha wimbo ulianzia kwa nani na nani waliufuata. Andika jina la wimbo, soma jina la kwanza kwenye orodha.

Nenda ndani kidogo, hata hivyo. "Feelings" ulivuma duniani katikati ya miaka ya 1970 ukiwa na jina la Mbrazili Morris Albert. Baadaye mtunzi wa Kifaransa, Loulou Gasté, alimshtaki nchini Marekani akidai muziki huo umetoka kwenye wimbo wake wa 1956, na mahakama ya rufaa ikampa haki mwaka 1988. Kwa hiyo Nina Simone mwaka 1976 alikuwa anaimba upya wimbo ambao, kisheria, ulikuja kuonekana nao una baba mwingine. Habari kama hii ndiyo inayomfanya mtu afungue video.

## Hatua ya 6: Pa kuwinda mapya

Ukishaipata ile moja utataka nyingine. Usingoje mapendekezo ya mashine, kwani yatakuletea kinachofanana na cha jana. Nenda kwenye vipindi ambavyo kazi yao ni hii.

Kwa kava, redio triple j ya Australia ina Like A Version, iliyoanza 2004: msanii anapiga wimbo wake mmoja na mmoja wa mwingine. Live Lounge ya BBC Radio 1 ina desturi kama hiyo. Kwa laivu ya karibu karibu, Tiny Desk ya NPR, redio ya umma ya Marekani, tangu 2008, huwapigisha watu nyuma ya dawati la ofisi, na ofisini huwezi kujificha nyuma ya taa wala moshi. Redio KEXP ya Seattle huacha bendi ipige nyimbo kadhaa kisha huzungumza nayo. La Blogothèque ya Paris huwatoa wanamuziki nje wapige barabarani.

Usidharau shoo za zamani za televisheni. Bendi ya roki ya Nirvana ilipopiga MTV Unplugged, kipindi cha muziki usio wa ala za umeme, mwezi Novemba 1993, nyimbo sita kati ya kumi na nne zilikuwa za watu wengine. Kava hujificha ndani ya shoo ambazo hakuna aliyeziita kava.

Kwa wenye uvumilivu kuna Live Music Archive ndani ya Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, yenye rekodi nyingi sana za shoo za wasanii walioruhusu mashabiki kurekodi na kubadilishana. Huko utakutana na vifupisho viwili kwenye majina ya mafaili. SBD ni rekodi iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti: safi, kila ala inasikika, ila ukumbi umekufa. AUD ni maikrofoni iliyokaa katikati ya watu: kuna mtu anakohoa, mwingine anaimba vibaya, lakini unasikia chumba. Wajuzi hukimbilia SBD. Mimi nikitaka kujua usiku ulikuwaje, nachagua AUD.

Mbinu moja ya mwisho hapa: mfuate mpiga ala badala ya mwimbaji. Soma majina ya bendi kwenye maelezo ya video iliyokugusa, mchukue mpiga besi, umtafute yeye. Atakupeleka kwa waimbaji watano usiowahi kuwasikia.

## Hatua ya 7: Tuma hadi isikilizwe

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye grupu la watu mia mbili, hakijiuzi.

Kiungo kitupu na emoji tatu za moto hakimwambii mtu kitu. Hajui ni dakika ngapi, hajui asubiri nini, na sekunde thelathini za kwanza ni mtu anarekebisha kiti. Mpeleke moja kwa moja pale palipokushika.

1. Tafuta sekunde yenyewe. Rudi nyuma kidogo, kama sekunde kumi kabla ya tukio, ili sikio lijiandae.
2. Ibadilishe kuwa sekunde tupu. Dakika 3 na sekunde 45 ni 225.
3. Iweke kwenye kiungo. Kwenye kompyuta, kitufe cha kushea YouTube kina kisanduku cha kuchagua pa kuanzia. Kwenye simu, kama hukioni, iandike mwenyewe mwishoni. Kama kiungo hakina alama ya kuuliza, malizia na ?t=225. Kama tayari inayo, kwa mfano kina ?si= na herufi nyingi, malizia na &t=225. Alama ya kuuliza huja mara moja tu, zinazofuata zote ni &. Ukikosea hapo video inaanza mwanzo, na watu wengi hudhani mbinu haifanyi kazi.
4. Andika mistari miwili, si zaidi. Wa kwanza ni vitambulisho, wa pili ni kitu kimoja cha kusikiliza.

Hivi ndivyo ningeandika:

*Nina Simone, "Feelings", Montreux 1976 (wimbo wa Morris Albert na Loulou Gasté).*
*Subiri pale anapokatiza wimbo na kuwageukia watazamaji.*

Sijasema ni nzuri, wala sijasema utalia. Nimempa kazi moja ya sikio, na mtu akipewa kazi hufungua kuhakikisha.

5. Bonyeza kiungo chako mwenyewe kabla ya kutuma. Kinachukua sekunde tano.

Tahadhari: usipakue video na kuituma kama faili. Programu za ujumbe huibana hadi sauti inakuwa kama ya bati, jina la msanii linapotea njiani, na watazamaji hawahesabiki kwake. Kurekodi skrini ndiyo mbaya zaidi. Na kama unataka kupakia kipande ulichorekodi mwenyewe ukumbini, jua kwamba wimbo una mtunzi hata kama aliyeimba ni rafiki yako aliyekuruhusu. YouTube ina mfumo wa Content ID unaotambua kazi zilizosajiliwa, na mwenye haki anaweza kuizuia video yako au kuchukua mapato yake.

Umefanikiwa mtu akikujibu kuhusu kile ulichomwambia asikilize. Vidole gumba havihesabiki.

## Hatua ya 8: Iandike isije ikapotea

Niliwahi kuwa na orodha ya video zaidi ya hamsini, nimeikusanya kwa miaka. Siku moja nikaifungua nikakuta kumi na moja zimeondolewa. Si video tu: hata majina yalikuwa yamefutika, pamebaki maneno ya kusema haipatikani. Sikujua nimepoteza nini. Kosa lilikuwa langu, nilifanya orodha ya mtu mwingine kuwa daftari langu.

Sasa kila shoo ina mstari wake kwenye faili: mwimbaji, wimbo, mtunzi, mahali, mwaka, chaneli iliyoipakia, sekunde ya kuanzia, kiungo. Kiungo nakiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu ndicho kinachokufa kwanza. Kikifa, narudi Hatua ya 3 na vitambulisho vyangu vinne, na mara nyingi nakuta nakala nyingine imepakiwa na mtu mwingine, wakati mwingine yenye picha safi kuliko ile ya awali.

Kama chaneli ya tamasha au ya msanii mwenyewe nayo imeipakia, badilisha kiungo chako kiwe hicho. Za mashabiki huondolewa upesi zaidi.